Aliyemshika Ngamia: Ushauri kwa Mwenye Uzamivu wa Banissa Anayetafuta Nafasi ya Utafiti

Mwaka 2012 mgonjwa mmoja alifariki Jeddah, Saudi Arabia, kwa virusi ambavyo hakuna daktari aliyekuwa akivijua. Ugonjwa huo baadaye uliitwa MERS. Wanasayansi walipofuata nyayo za virusi hivyo walifikishwa kwa ngamia. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Nairobi, walichapisha matokeo ya damu ya ngamia 774 wa Kenya, iliyotolewa kati ya 1992 na 2013. Karibu ngamia watatu katika kila kumi walikuwa na kingamwili. Kumbe kilichoitwa kipya kilikuwa kikizunguka malishoni miaka ishirini kabla ya kupewa jina, na ushahidi wake ulikuwa umelala kwenye friza ukingoja mwenye swali. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya watu: wakazi 1,122 wa Garissa na Tana River walikuwa wamepimwa, na wawili wakathibitika kuwa na kingamwili hizo.

Kila nikisoma makala hizo namfikiria mtu mmoja ambaye jina lake silioni: aliyemshika ngamia. Alijua kundi limehamia malisho gani msimu ule. Alimsalimia mwenye mifugo kwa jina la babu yake kabla hajataja shida iliyomleta. Akamlaza ngamia, akamfunga goti, akamshikilia kichwa mpaka sindano ikapata mshipa wa shingo. Bila yeye friza lingekuwa tupu.

Ushauri huu nauandika kwa ajili ya mtoto wa mtu huyo, ambaye leo ana shahada ya uzamivu, pengine ya kwanza katika ukoo wake, na yuko Banissa, kaunti ya Mandera, amemaliza likizo ya Idd huku akijiuliza aende wapi. Mimi nimepita njia hiyo na nimeanguka mahali ambapo si lazima yeye aanguke.

Tuanze na kile ambacho nyumbani hakieleweki. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, ambayo wenyewe huiita posidoki, si masomo. Mama akikuuliza utasoma mpaka lini, mwambie hii ni kazi ya mkataba yenye mshahara au posho, kwa kawaida ya mwaka mmoja hadi mitatu, ndani ya kundi la mtafiti aliyekutangulia. Hakuna cheti mwishoni. Unachotoka nacho ni makala zenye jina lako, mbinu ambazo hukuwa nazo, na watu watakaoinua simu kukusemea. Ukikaa miaka miwili ukatoka bila hivyo vitatu, umetumikia tu.

Milango ni miwili, na kosa kubwa ninaloliona ni la kubisha mmoja kwa barua ya mwingine. Mlango wa kwanza ni tangazo la kazi. Profesa amepata fedha za mradi, anajua kazi anayoitaka, anatafuta mtu wa kuifanya. Hapo usimwandikie ndoto zako. Soma tangazo mstari kwa mstari na uonyeshe, kwa mpangilio uleule wa tangazo, ni lini na wapi ulifanya kila anachokitaka. Mlango wa pili ni ufadhili unaotolewa kwa jina lako. Wazo ni lako, na unatafuta mwenyeji wa kulilea. Hapo anayesoma anataka kujua swali lako ni lipi, na kwa nini wewe, pale, sasa.

Ufadhili wa aina ya pili unaojulikana zaidi ni wa Umoja wa Ulaya, uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie. Uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, Mkenya akiwemo. Alama hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa ubora wa utafiti wenyewe na wa mtafiti, 30 kwa matunda yatakayotokana nao, 20 kwa mpango wa utekelezaji. Watu wetu humimina nguvu zote kwenye sayansi, kisha wanajaza sehemu ya matunda usiku wa mwisho kwa maneno matupu ya kusaidia jamii. Alama 30 si za kuchezea. Ushindani nao ni mkali, maana mwaka 2025 maombi yalipita 17,000. Pia kuna sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitatu kabla ya makataa. Aliyesomea uzamivu wake Ujerumani kwenyewe, na bado hajarudi nyumbani muda wa kutosha, huenda amejifungia mlango wa huko. Makataa huwa Septemba, kwa hiyo mwenyeji atafutwe Februari. Anayeanza Julai anakuta mwenyeji aliyemtaka ameshajitolea kwa wengine. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma mwongozo wa mwaka wako, usiusome wa rafiki yako.

Ufadhili mwingine nitautaja kwa kupita. Wakfu wa Humboldt wa Ujerumani hudai uwe na mwenyeji aliyekubali kabla hujaomba. Shirika la JSPS la Japani huchukua watu ambao hawajapitisha miaka sita tangu uzamivu, kwa miezi 12 hadi 24. Kwa akina dada upo ufadhili wa OWSD, shirika la wanawake katika sayansi lenye makao Trieste, Italia, wa hadi dola 50,000. Uzuri wake ni kwamba mtafiti habanduki nchini mwake. Anajenga kundi lake katika chuo chake mwenyewe. Dada wa Mandera mwenye watoto wadogo aliyeambiwa hana njia ila kuacha sayansi au kuacha nyumba, aangalie huko kwanza, na ahakikishe nchi yake na fani yake zimo kwenye orodha ya mwaka huo.

Wala usidhani posidoki ni lazima ndege. Nairobi kuna ILRI inayochunguza mifugo, na kuna icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome kilichoanza 1989, ambacho kimetoa wanasayansi wanaoheshimika duniani. Faith Osier alifanya utafiti wake wa malaria pale, na mwaka 2016 akapata tuzo kubwa ya Humboldt iliyompeleka kuongoza kundi lake Heidelberg. Miaka miwili Kilifi au Nairobi, na makala mbili za kueleweka, humpa mtu nguvu ya kuomba Ulaya kuliko kuomba mara thelathini akiwa mikono mitupu.

Sasa nifike kwenye kiini. Mtu wa kwetu anapoandika maombi hushikwa na kishawishi cha kuuza shida. Anaanza na ukame, na shule isiyo na maabara, na kilomita alizotembea. Hayo ni kweli, na hakuna anayepaswa kuyaonea haya. Lakini anayesoma maombi mia mbili hawezi kumpa mtu kazi kwa kumhurumia, na akimpa, atamtazama kwa jicho hilo miaka yote miwili. Kilichoko Banissa ambacho wenzako hawana ni maarifa. Shida zimejaa kote.

Fikiria ugonjwa wa kala-azar, ambao hulipuka mara kwa mara Mandera, Wajir na Marsabit. Unaenezwa na usubi, na baadhi ya usubi hao hujificha kwenye vichuguu vya mchwa. Mtafiti wa London anajua hilo kwa kusoma. Wewe unajua ni vichuguu vipi watoto hukalia jioni wakichunga, na ni saa ngapi wanaondoka. Au mchukue mbu Anopheles stephensi, mgeni kutoka Asia, aliyeonekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na kutambuliwa Marsabit mwishoni mwa 2022. Huyu hazaliani kwenye vinamasi tu kama mbu wa malaria tuliowazoea. Anapenda matangi na mapipa ya maji. Nani anajua familia ya Banissa inaweka maji wapi maboza yanapokuja, kwa siku ngapi, na ni kifuniko gani kinakaa na kipi huibwa? Mwaka 2006 watafiti wa NASA wakiongozwa na Assaf Anyamba walisoma joto la bahari na ukijani wa nchi kwa setilaiti, wakatoa onyo wiki kadhaa kabla Homa ya Bonde la Ufa haijalipuka upande wa Garissa. Setilaiti iliona mvua. Wachungaji waliona mimba za mbuzi zikitoka. Anayeweza kuzikutanisha habari hizo mbili ana swali la utafiti la miaka kumi.

Wahandisi nao wasijione wametengwa. Garissa kuna mtambo wa umeme wa jua wa zaidi ya megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019, na vumbi la kwetu halifanani na la maabara ya Munich. Silanga na berkad zetu, mabwawa na matangi ya kuhifadhi maji, hupoteza maji kwa jua kali, na hesabu ya upotevu huo kwa udongo wa kwetu ni kazi ya mtu mzima mwenye kompyuta na subira. Bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti, iliyoanzia Marsabit 2010 na kufika Wajir 2013, ilimpa Andrew Mude wa ILRI tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka 2016. Chanzo cha bima hiyo ni kulichukulia kwa uzito swali ambalo kila mfugaji huuliza: majani yameisha lini?

Nikuonyeshe jinsi hilo linavyoingia katika baruapepe ya kwanza, ambayo ndiyo inayoamua mengi. Utaiandika kwa Kiingereza. Naiweka kwa Kiswahili uone mifupa yake. Hii ndiyo tunayoizoea: “Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti mwenye bidii na shauku kubwa. Nimevutiwa na kazi zako maarufu. Naomba nafasi yoyote katika maabara yako tukufu. Nimeambatanisha wasifu, vyeti na nakala ya pasipoti.” Barua hiyo yaweza kutumwa kwa profesa wa samaki au wa saruji bila kubadilishwa neno. Ndiyo maana haijibiwi. Na nakala ya pasipoti usimtumie mtu ambaye hujaajiriwa naye.

Sasa hii: “Profesa, katika makala yenu ya mwaka jana mlipima usubi kwenye vichuguu wakati wa kiangazi pekee, nanyi wenyewe mkasema hilo ni pengo. Kwa uzamivu wangu nilitega mitego Mandera misimu minne, ya mvua na ya kiangazi, na hesabu zangu za baada ya mvua hazifanani na zenu. Nadhani sababu ni unyevu ndani ya kichuguu, lakini sina uwezo wa kulipima hilo hapa. Kundi lenu linao. Ningependa kuandika nanyi ombi la ufadhili la Septemba. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa wazo na wasifu wa kurasa mbili. Je, mna nafasi ya mazungumzo ya dakika ishirini mwezi huu?” Amesema alichosoma, alichofanya, anachokosa, anachotaka. Hakumsifu mtu. Barua ya pili huchukua siku mbili kuiandika, kwa sababu lazima usome makala tatu za mwenyewe mpaka uone mahali anapokwama. Andika kumi za namna hiyo, usitume mia za namna ile. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha mwache.

Jambo la majina nitalikalia, kwa kuwa limewakwamisha watu wetu kuliko sayansi. Cheti cha darasa la nane kiliandikwa Mohamed, cha kidato cha nne Mohammed, kitambulisho Muhumed, na makala ya kwanza ikatoka kwa jina la baba na babu limegeuzwa. Fomu ya Ulaya inataka jina la ukoo. Sisi tuna jina la babu. Umeandika la babu kwenye pasipoti na la baba kwenye makala, kompyuta inakuhesabu watu wawili. Tarehe nayo: nusu ya darasa letu tulizaliwa Januari mosi, kwa sababu mwalimu alihitaji kujaza kisanduku. Ofisa wa viza akiona hivyo, na akaona kwenye cheti kingine mwaka tofauti, haulizi historia ya shule za kuhamahama. Anashuku.

Kwa hiyo, kabla hujaandika barua hata moja, tandaza vyeti vyako vyote kwenye mkeka. Chagua maandishi yaliyo kwenye pasipoti yawe ndiyo ya kudumu. Pale vyeti vinapotofautiana, tafuta hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina yote ni ya mtu mmoja. Kama umebadili jina kabisa, fanya hati rasmi ya kubadili jina na ichapishwe kwenye gazeti la serikali. Jiandikishe ORCID, ile namba ya mtafiti isiyobadilika, uziunganishe makala zako zote humo. Na kama huna pasipoti, anza leo. Kwa miongo mingi vijana wa Kaskazini Mashariki walipigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho, ambacho bila hicho hakuna pasipoti, jambo ambalo Rais William Ruto alitangaza Wajir, Februari 2025, kuwa limeondolewa. Hata hivyo Banissa ni mbali na kila ofisi, na laga, ile mito ya msimu, zikijaa, barabara ya Rhamu haipitiki. Pasipoti isitafutwe baada ya barua ya kazi kufika.

Barua za mapendekezo huwa tatu. Msimamizi wako wa uzamivu ni wa lazima. Asipokuwepo, msomaji atajiuliza mligombana nini, na kama kweli mligombana, mtafute mjumbe mwingine wa kamati aeleze kazi yako kwa undani. Mkubwa mwenye cheo asiyekujua hana faida. Kiongozi wa kaunti, hata akiwa mjomba wako, hana nafasi katika orodha hiyo. Wape wiki tatu, na uwape ukurasa mmoja wenye mambo matano uliyoyafanya mbele ya macho yao, na tarehe zake, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi wengi husahau. Wengine watakwambia uiandike mwenyewe, waweke sahihi. Wakatalie kwa heshima: “Mwalimu, nitakuandalia kumbukumbu zote, lakini maneno yawe yako.” Kamati zinatambua barua tatu zilizotoka mkono mmoja.

Ukiitwa kwenye usaili, tayari umo kati ya watu wachache. Sasa usipotezwe na saa. Mimi nilipotezwa. Nilialikwa na chuo kimoja Ulaya, saa nne asubuhi ya kwao, siku ya Jumatatu. Nikiwa Banissa nilipiga hesabu ya tofauti ya saa mbili niliyoizoea msimu wote wa baridi, nikaketi kwenye chumba cha nyuma cha duka la binamu yangu, ndipo mtandao ulipokuwa unashika, nikafungua kipakatalishi saa sita kasoro dakika tano. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza baada ya Jumapili ya mwisho ya Machi. Ulaya walikuwa wamesogeza saa zao mbele alfajiri ya Jumapili hiyo, na saa nne yao ilikuwa saa tano yetu. Walikuwa wamenisubiri dakika ishirini, wakaita mwingine. Niliandika kuomba radhi na kueleza. Walinijibu kwa upole kwamba ratiba imefungwa. Nilikaa pale nikisikia wateja wakinunua sukari na majani, na sikuweza kumwambia binamu yangu kilichotokea mpaka jioni.

Basi shika hili: Ujerumani na jirani zake wako nyuma yetu saa moja kiangazi na saa mbili baridi, Uingereza saa mbili na tatu, na hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Thibitisha kwa maandishi: “Nitakuwa tayari saa tano asubuhi kwa saa za Nairobi, naomba mnithibitishie.” Usaili ukiangukia saa ya swala ya Ijumaa, sema tu kwamba una ibada na upendekeze saa nyingine mbili. Sijaona aliyekasirishwa na hilo.

Mtandao nao uandaliwe kama safari ya jangwani. Laini mbili za kampuni tofauti, betri zimejaa, slaidi zimetumwa kwao jana yake, namba ya simu ya mmoja wao iko mkononi ili video ikikatika umpigie uendelee kwa sauti. Tangu Starlink iingie Kenya 2023 kuna watu wenye sahani hizo hata vituo vidogo. Muulize mwenyewe mapema, na ufanye jaribio saa ileile ya siku. Usipange kusafiri kwenda Mandera mjini asubuhi ya usaili.

Ndani ya usaili, slaidi nane zinatosha kwa dakika kumi na tano. Watakuuliza kitu ulichoshindwa. Jibu kwa jambo la kweli: mitego iliyosombwa na mafuriko, sampuli zilizooza umeme ulipokatika siku mbili, na ulichobadilisha baadaye. Watakuuliza utafanya nini miezi mitatu ya kwanza. Na kama wazo lako lina kazi ya nyanjani Mandera, watakuuliza usalama. Usilichukue kama tusi. Dunia inakumbuka watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, serikali za Magharibi huwaonya raia wao wasifike kwetu, na bima ya chuo hufuata maonyo hayo. Ukisema tu “kwetu ni salama”, umeshindwa. Sema nani atakusanya data, ana mafunzo gani, atalipwa vipi, sampuli zitasafiri kwa njia ipi, na ukizuiwa mwaka wa kwanza utatumia data ipi badala yake. Mwenye mpango wa pili hupewa wa kwanza.

Mambo ya fedha niyaseme kwa ufupi na bila haya. Hakuna nafasi ya kweli inayokudai ada ya maombi, ya barua au ya kushughulikiwa. Anayedai ni mwizi. Uliza kama unapewa mkataba wa ajira au posho, maana posho mara nyingi haina pensheni wala bima. Uliza tiketi na viza wanalipa kabla au wanakurudishia baadaye. Wakirudisha baadaye, utahitaji mtaji wa kuanzia, pamoja na amana ya nyumba, na hapo ndipo zamu yako ya ayuuto, ule mchango wa mzunguko, ipangwe mapema na wenzako. Kwa Uingereza, Mkenya katika fani nyingi za sayansi na uhandisi huhitaji kibali cha usalama kiitwacho ATAS kabla ya viza, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Vyote vinachukua muda. Kwa Marekani, viza ya J-1 yaweza kukubana urudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Kama inakuhusu huandikwa, kwa hiyo isome karatasi kabla ya kutia sahihi.

Ukikataliwa, na utakataliwa, omba maoni ya wasomaji. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie hukuletea ripoti ya alama na sababu. Iweke wiki moja bila kuifungua tena, kisha uisome na mtu asiyekuonea huruma.

Na ukikubaliwa, lipo jambo moja la kuzungumza kabla ya sahihi, na ni zito zaidi kwa anayerudi kufanya utafiti nyumbani kwa fedha za watu. Wenyeji wako watafurahi kwamba unaijua lugha, wazee na njia. Furaha hiyo ina hatari yake: waweza kujikuta, na uzamivu wako mfukoni, umekuwa mshika ngamia tena, unawafungulia wengine milango, nao wanaandika. Uliza kwa maandishi: nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi? Data itakaa wapi, na nitaondoka nayo? Sampuli zikitoka Kenya, nakala za vichupa zitabaki maabara gani ya hapa? Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo kila mtafiti anaihitaji kabla ya kugusa kitu nyanjani, itatolewa kwa jina la nani? Mwenyeji mwema hujibu bila kusita. Anayesema tutaona mbele ya safari, mwombe tena kwa upole aandike.

Kisha utakapotengeneza jedwali la sampuli, lenye namba ya kichupa, tarehe, mahali, jinsia na umri wa ngamia, ongeza safu moja ambayo hakuna mtu atakayekwambia uiweke. Iite “aliyemshika”. Ijaze siku hiyohiyo, palepale malishoni, kwa maandishi ambayo mwenyewe amekutajia.